Frokost ya Bibi Ragnhild

Mimi si mtu wa kusikiliza maneno ya watu kwenye basi. Nilikuwa nimevaa hedifoni, natazama mvua ya Kopenhagen, na ni bahati tu nikajua kwamba wachumba waliokaa mbele yangu, Jeppe wa hapa kwetu na Torunn, Mnorwe, wanapanga kuzunguka Uswidi, Norwe mpaka Ufini kwa gari la shangazi.

"Tunalala Göteborg," alisema Torunn, "halafu Oslo, frokost kwa bibi. Na usichelewe, mpenzi. Bibi Ragnhild kasema mwanamume wa kuchelewa mezani kwake hanioi."

"Nichelewe wapi? Saa sita mchana nitakuwa nimeshakaa."

"Saa sita? Frokost ni saa mbili asubuhi!"

"Hiyo ni chai. Frokost ni chakula cha mchana, dunia nzima inajua."

"Dunia yako inaishia kwenye daraja la kwenda Uswidi, bwana. Kwetu frokost ndiyo hiyo chai."

"Basi mwambie bibi asogeze."

"Bibi? Hajasogeza hata kabati tangu babu afe."

"Basi tusilale Göteborg. Tuendeshe usiku kucha."

"Halafu umkoromee mezani? Jaribu uone."

Jeppe akafikiri, kisha akauliza kama Wafini nao wana frokost. Sikupata jibu, maana basi lilifika mwisho wa njia na wakashuka wakibishana. Nikajiinamisha mbele kidogo, labda ningewasikia hata wakiwa nje.

Jirani yetu wa nyumbani, Bi Kirstine, aliyekuwa amekaa nyuma yangu, akanigusa bega. "Mwanangu, kwenu si tumeshapita kitambo?"