Bi Jokha Hakuitikia Amina

Wasikilizaji wapendwa, wekeni vikombe chini kidogo. Leo namkumbuka Bi Jokha wa Walthamstow, hapa hapa London. Wengi mlimjua pale sokoni, na buibui lake na raba miguuni, akigombana na muuza bamia. Bi Jokha amefariki. Amefia mbali, milima ya Ladakh kule India, njiani akimfuata mwanawe Talib.

Najua mmeshtuka. Si Talib alikufa? Hakufa. Narudia: Talib hakufa. Aliingia dini ya Budha, akenda kuishi na watawa juu mlimani. Baba yake, Mzee Mbarouk, mtu aliyetoka Unguja baada ya mapinduzi na sanduku moja na dini yake, hakuweza kulimeza hilo. Akatangaza kijana kafa safarini. Akamsomea hitima mtu mzima wa afya! Pilau mkala, pole mkatoa, mkenda zenu.

Bi Jokha alikuwa jikoni siku ile, akiwaambia wanawake, "Mwanangu yu hai." Mkasema maskini, uchungu umemvuruga akili. Kila dua ilipoitikiwa, yeye kafunga mdomo.

Mwaka huu akamuaga mumewe kwamba anakwenda India kutibiwa magoti. Binti yao Sheikha alimpeleka eapoti, naye kanihadithia: "Nikamuuliza, mama, kwa magoti hayo utapanda mlima? Akacheka, akaniambia nisimtie nuksi."

Barabara ile ya Ladakh, jamani! Mawe matupu, upande mmoja ukuta wa mlima, upande mmoja korongo. Daraja limebebwa na maji, wakapita mtoni na gari. Bi Jokha anatapika, dereva anataka kurudi. Akamkemea kwa Kihindi chake cha filamu za sinema za Unguja: "Chalo! Chalo!" Twende, twende. Dereva akenda.

Wakafika pahali mlima umeporomoka, gari halipiti tena. Nyumba ya watawa inaonekana juu pale. Hewa ni haba, kifua kimembana Bi Jokha. Dereva akapanda mbio kumwita mwana.

Talib aliniambia kwa simu, analia: "Nilimkuta amekaa juu ya jiwe, hawezi kusema vizuri. Akanishika kichwa changu cha upara. Akasema, 'Umekonda, mwanangu. Baba yako kakusomea hitima. Mimi sikuitikia amina.' Akanilalia begani. Ndiyo basi."

Watawa walitaka kumchoma moto, ndiyo desturi yao. Talib akakataa. Akaita wanawake wa Kiislamu wa kijiji cha chini, wakamkosha. Kaburi akachimba mwenyewe, akamlaza kuelekea kibla. Halina jina, ni mawe tu kati ya mawe.

Juzi Mzee Mbarouk kaniletea tanzia niisome: ameacha mume na binti mmoja. Sikuisoma, na sitaisoma. Bi Jokha ameacha mume, binti na mwana.

Mzee anataka kwenda kumwombea mkewe kaburini. Kamuuliza Sheikha, "Kaburi liko wapi?"

"Analijua Talib peke yake, baba. Muulize."

"Talib amekufa," akajibu. Akajifungia chumbani, akalia kwa sauti.

Pole Sheikha. Pole Talib, huko uliko. Pole na wewe, Mzee Mbarouk, wallahi nakuonea huruma na nimekukasirikia. Nanyi mliokula pilau ile, jiulizeni nani mmemzika naye anapumua.

Talib hushuka mjini kila Ijumaa kumpigia dada yake. Mzee, kesho ni Ijumaa. Simu ya Sheikha ikilia, ipokee wewe.