Kokoto za Ngara

Wewe msomaji, kila siku unazipita kokoto za pale steji ya Ngara ukigeuza uso. Jana, kwenye foleni ya matatu, kijana aitwaye Kibe alimwambia mama mmoja aliyebeba trei ya mayai kwamba kokoto moja ilirushwa na gari ikatoboa rejeta ya pikipiki yake, lile tangi la maji ya kupoza injini. Leo alipaswa kumpeleka mamake kliniki Parklands kwa pikipiki hiyo.

"Kijana, vunjia yai ndani. Itaganda, izibe."

"Mathe, hiyo ni rejeta, si sufuria! Mimi nimeziba na sabuni."

"Na sabuni imekufikisha wapi? Si uko foleni na sisi?"

Mabingwa wa viraka, hawa wawili! Mkandarasi alizimwaga kokoto hizo kabla ya uchaguzi uliopita, akaziacha. Nakumbuka, hata kama wao wamesahau. Matatu ikaja, wakaziruka, wakapanda wakibishana. Wewe usipande. Chukua beleshi sasa hivi, uje tuzizoe.