Mkono wa Asankul na Betege ya Kara-Kashat

Tarehe 30 Septemba, Asankul Mederov anastaafu baada ya kukitumikia Kituo cha Malisho cha Kara-Kashat kwa miaka thelathini na mitatu. Kazi yake ilikuwa moja: kurusha fremu. Wasioielewa kazi hiyo hucheka, na sisi tunaoielewa hucheka zaidi.

Kila mwanzo wa kiangazi, kabla mifugo haijapanda jailoo, malisho yetu ya juu milimani, Asankul hurusha pale fremu ya chuma mara ishirini. Ikiangukia betege, mimi Burulcha, karani, naandika alama. Betege ni nyasi mwitu nyembamba, inaota vishungi vishungi na kuchipua kila mwaka kutoka shina lilelile, na hakuna kinachonenepesha kondoo kuliko hiyo. Alama zikifika kumi, malisho yanafunguliwa. Zisipofika, yanapumzika mwaka mzima, na wafugaji wanavuka mlima kwenda bonde la jirani, mwendo wa siku tatu.

Fremu inatakiwa ianguke popote, kwa bahati tu. Sasa mkurugenzi wa enzi hizo, Mungu amrehemu, akamwajiri nani? Mchezaji wa kok-boru aliyekuwa akimtupa mbuzi asiye na kichwa golini, juu ya farasi anayekimbia, bila hata kutazama. Kuupa mkono ule kazi ya kurusha ovyo ni sawa na kumwajiri mpishi aunguze pilau. Mwaka wake wa kwanza fremu iliangukia betege mara ishirini kati ya ishirini. Wafugaji walishangilia. Makao makuu hawakushangilia.

Ndipo kituo kikanunua kalpaki, kofia yetu ndefu ya sufu nyeupe, ikaingizwa kwenye orodha ya vifaa kwa jina la "kizuia macho". Tangu hapo Asankul huivuta mpaka puani, anazungushwa mara tatu, ndipo anarusha. Mimi nimemzungusha miaka ishirini na sita. Mara mbili amenitapikia viatu, na mara ya pili hakuwa hata amekunywa.

Miaka tisa iliyopita, asubuhi ya kupima, alifuatwa na shemeji yake Sagynbai, kaka wa mkewe Uulkan, mwenye kondoo mia nne.

"Shemeji, mkono wako unaijua betege ilipo," Sagynbai alimwambia mbele yetu. "Leo usijifanye mgeni."

"Nafunikwa macho, kaka."

"Macho ndiyo. Mkono nao umefunikwa?"

Baada ya kurusha mara kumi na tisa tulikuwa na alama tisa. Nikamzungusha kwa mara ya mwisho. Fremu ikaruka, ikatua katikati ya kipara cha udongo mahali farasi wanapogaragara, na betege imekizunguka pande zote.

Malisho yakafungwa. Theluji ya njia ya juu iliua kondoo kumi na wanane wa Sagynbai, naye kwa miaka miwili hakumsemesha Asankul. Wakiwa wameketi bega kwa bega alimwambia dada yake, "Mwambie mumeo anisogezee mkate." Uulkan alijibu kwamba yeye si simu. Tulicheka sana, lakini siku moja Uulkan alikuja ofisini kwangu akalia.

Kisha betege ikarudi, nene, inafika magotini. Sagynbai alishusha kondoo wasioweza kutembea kwa unono, akaja mwenyewe na kiriba cha kumisi, maziwa yetu ya farasi yaliyochachuka. "Ilikuwa bahati tu, shemeji," alisema. "Mtu hagombani na bahati." Tangu siku hiyo hawaachani.

Wiki mbili zilizopita nilikuwa nakagua vifaa kwa ajili ya makabidhiano. Niliivaa kalpaki ile kwa utani, nikaivuta mpaka puani, nikauona mlango. Nikaona na kalenda. Mbele ya jicho la kulia kuna tundu la ukubwa wa harage, kingo zake zimelainika kwa miaka.

Nilimpelekea Asankul mkononi. Alipitisha kidole tunduni.

"Mwaka ule betege ilikuwa imekufa katikati ya vishungi, Burulcha. Yalibaki majani ya pembeni tu," alisema. "Fremu haijui hilo, inahesabu jani. Kondoo mia nne wangeing'oa na mizizi."

"Na Uulkan je, kaka?"

"Uulkan nilimwambia usiku uleule. Ndiyo maana alilia."

Nilikasirika siku nzima, kwa ajili ya viatu vyangu na kwa ajili ya wale kondoo kumi na wanane. Jioni nilipanda jailoo nikaikalia ile betege, hasira ikaisha. Mwenyewe amekubali niandike. Sagynbai, ukiwa unasoma hapa, umeshakula nyama ya sherehe ya kumuaga na huwezi kuirudisha. Mgeukie shemeji yako umwambie chochote, ila usimtume dada yako.

Asankul, asante kwa miaka yote hiyo. Kazungukwe na wajukuu, usizungushwe tena, na miguu yako ikae imara juu ya nyasi ulizotuachia.

Mkurugenzi ameagiza tundu lishonwe kabla mrushaji mpya hajakabidhiwa kofia. Nimemjibu kwa maandishi kwamba bado natafuta uzi mweupe.