Update Zije Mchana

Kwenye gari la kwenda Kutus, kiti cha mbele yangu, Mugendi, fundi wa kompyuta wa sosaiti ya wakulima wa kahawa, alikuwa akimweleza meneja wake, Kagure, jinsi virusi vilivyofunga mashine zote za ofisi.

"Madam, update za usalama huwa zinaingia jioni, watu wakienda nyumbani. Mwaka huu hakuna hata moja imeingia."

"Jioni mimi huzima stima yote kwa meinswichi," Kagure akasema. "Halafu nafunika kila kompyuta na kitambaa nimefuma mwenyewe. Ama unataka zipigwe na radi?"

Kinga kamili. Virusi huogopa sana vitambaa vya kufuma.

"Rekodi za wakulima wote ziko humo ndani, madam."

Gari likasimama, Kagure akachukua mkoba wake.

"Hizo update," akauliza akishuka, "haziwezi kuripoti asubuhi kama wafanyikazi wengine?"