Maisha ya Bi Tone, Mwanakemia Ambaye Hakusamehe

Ndugu, jamaa na marafiki, anayewasomea maneno haya ni mdogo wa mwisho wa marehemu, na anayasoma kwa sharti alilopewa na dada yake wiki tatu kabla ya kufariki. "Usije ukasema nilisamehe," alimwambia. "Watu wana mtindo wa kuwasamehesha wafu mambo waliyoyakataa wakiwa hai." Basi yatasemwa kama yalivyokuwa.

Marehemu alizaliwa Jumatatu, tarehe 14 Machi 1949, akiwa mtoto wa pili kati ya wanne. Baba alikuwa mchoraji wa mabango ya maduka na mama alikuwa mkunga. Nyuma ya nyumba kulikuwa na kibanda cha baba kilichonuka tapentaini mwaka mzima, na huko ndiko marehemu alikokulia. Kabla hajajua kusoma alijua kijani kinatoka wapi na kwa nini rangi nyingine hukataa kukauka. Siku moja kaka yake mkubwa alikanyaga makusudi kibao alichokuwa amekipaka. Hakulia wala hakwenda kushtaki. Siku ya pili kaka mtu alijikuta shuleni na masikio ya buluu, na buluu ile haikutoka wiki nzima, maana aliyeichanganya alijua kazi yake. Kaka huyo yuko hapa leo, safu ya mbele, na hata sasa ameshika sikio.

Alisoma shule ya msingi jirani na nyumbani, kisha sekondari ya bweni ya wasichana, aliyoimaliza mwaka 1968. Huko mwalimu wa kemia alikataa kuamini kwamba msichana amepata alama zote, akamwita mbele ya darasa aurudie mtihani ubaoni. Aliurudia. Alipofika swali la saba aliweka chaki chini, akasema kwa upole, "Mwalimu, hili lina kosa. Ulivyolitunga halina jibu." Mwalimu alihesabu mpaka kengele ikalia, akakuta kweli halina. Marehemu alipata shahada ya kwanza mwaka 1973 na ya uzamivu mwaka 1979.

Kazi ilianza tarehe 1 Februari 1980, katika maabara ya utafiti iliyokuwa ghorofa ya pili ya jengo refu la matofali. Chumba chake kilikuwa na meza mbili za mawe, dirisha lisilofunguka, na feni ya kuvuta moshi iliyokuwa mbovu. Alimwandikia mkuu wa maabara maombi kumi na moja ya kuitengeneza, na haikutengenezwa. Wenzake walimwita Bi Tone kwa sababu hakuna aliyemwona akimimina kitu. Alidondosha tone baada ya tone, na ole wake aliyemsemesha akiwa anahesabu.

Kwa miaka mitatu na nusu alitafuta njia mpya ya kuunda dawa ya kifafa, ambayo mpaka wakati huo ilipatikana kwa shida. Alishindwa mara mia mbili na kumi. Mara ya mia mbili na kumi na moja, tarehe 9 Septemba 1984, fuwele nyeupe zilitulia chini ya chupa, safi kama chumvi. Alikaa kwenye kigoda akazitazama mpaka mfagiaji alipokuja kuuliza kama anaumwa.

Mwezi Aprili mwaka uliofuata jarida la kemia liliichapisha njia ile, na jina lililokuwa juu yake lilikuwa moja tu, la mkuu wa maabara. Marehemu alitajwa mwishoni kwa herufi ndogo, akishukuriwa kwa "msaada wa vyombo". Alikwenda na jarida mkononi mpaka ofisini kwa mkuu.

"Hii ni kazi yangu," alisema.

Mkuu hakuinua hata uso. "Binti, wewe umepika tu. Jiko ni langu."

Marehemu aliacha kazi Ijumaa ile ile. Aliondoka na koti lake na daftari lake, na chuki ambayo, kwa maneno yake mwenyewe, aliihifadhi vizuri, mbali na joto na mwanga.

Hapo katikati ya habari za kazi lazima isemwe ndoa, maana bila ndoa asingevuka. Alifunga ndoa Jumamosi, tarehe 28 Agosti 1976, na mwalimu wa jiografia, mtu mpole anayecheka kwa mabega. Yeye ndiye aliyepika nyumbani miaka yote arobaini na sita. Marehemu alisema amepima kutwa nzima, asipimishwe tena chumvi. Walijaliwa binti mmoja na mwana mmoja.

Mumewe ndiye aliyemtia moyo aombe kazi katika maabara ya kukagua dawa, na alianza huko Novemba 1985. Sasa kazi haikuwa kuunda, ilikuwa kuchunguza: kujua ndani ya kidonge mna nini hasa, na kisichotakiwa ni kiasi gani. Mwaka 1986 aliisoma tena makala ile kwa macho mapya, akagundua kwamba mwizi wake aliiba kwa haraka. Hatua ya mwisho ilitaka fuwele ziyeyushwe na kugandishwa upya mara mbili, polepole. Mkuu aliandika kwamba ni mara moja tu. Zikigandishwa mara moja hubaki na uchafu unaofanana na dawa yenyewe kama pacha, nao hudhuru ini.

Alimwandikia barua kumwonya. Ilirudi na mhuri wa "Imepokelewa", na pembeni mtu ameandika kwa kalamu: wivu. Mumewe alimshauri aandike ya pili, safari hii kwa wizara. "Kiwanda bado hakijaanza kuitengeneza," alijibu. "Kikianza, italetwa kwangu." Aliamua kusubiri. Marehemu alitaka hili lisemwe pia: angeweza kuandika ya pili, hakuandika, na haikuwa kwa sababu ya uvivu.

Alisubiri miaka minane. Kiwanda kilianza mwaka 1994, na shehena mbili za mwanzo zilikaguliwa kwenye maabara nyingine, zikapita. Habari hiyo ilipomfikia alishindwa kula siku mbili. Baadaye, ripoti yake ilipotoka, vidonge vilirudishwa kiwandani kabla ya kusambazwa mbali, na hakuna mgonjwa aliyejulikana kudhurika, lakini mumewe anasema hakuwahi kumwona akiogopa vile, kabla wala baada.

Shehena ya tatu ililetwa kwake. Kipimo cha kawaida hakikuona kitu, kwa sababu kwenye karatasi ya mashine alama ya uchafu ilijibanza nyuma ya alama ya dawa. Marehemu alitunga kipimo kipya kilichowatenganisha mapacha wale. Alikirudia mara tisa, na mara mbili kati ya hizo alimpa mwenzake asiyejua sampuli imetoka wapi. Alisema adui hapimwi kwa jicho.

Jumanne, tarehe 18 Oktoba 1994, yule mkuu wa maabara ya zamani, ambaye njia ile ilibeba jina lake, alikuja mwenyewe. Alikaa kwenye kiti cha wageni akiwa na kofia magotini.

"Mwanangu," alianza, "mimi na wewe tumetoka mbali."

"Tumetoka. Wewe kwa gari, mimi kwa miguu."

"Rudia kipimo. Watu hukosea."

"Nimerudia mara tisa. Wewe ungerudia mara mbili tu usingekuwa hapa."

Mkuu aliuliza, "Unataka nini?"

Marehemu alimsogezea ripoti na kalamu. "Saini kwamba umeipokea. Andika jina lako peke yake, kama ulivyozoea."

Alisaini. Kamati iliundwa, ikamtaka aieleze hatua ya mwisho ya njia aliyodai kuwa yake. Alisitasita, akaomba maji, akasema kumbukumbu zimepotea. Ndipo marehemu alipoitwa na daftari la mwaka 1984. Alisimama ubaoni dakika arobaini bila kulifungua. Mwaka 1996 jarida lilitoa sahihisho, na jina lake likawekwa pahali pake. Siku kibao cha jina la mkuu kilipong'olewa mlangoni, marehemu aliomba ruhusa ya nusu siku. Alikaa kwenye benchi mkabala, akamenya chungwa polepole, akamtazama fundi akitoa skrubu zote nne. Aliporudi nyumbani alimwambia mumewe kwamba halijawahi kuliwa chungwa tamu kama lile.

Alistaafu mwaka 2009, akiwa mkuu wa maabara ya ukaguzi.

Mwezi Novemba 2021 alianza kuchoka na kuvuja damu puani. Vipimo vilionyesha maradhi ya uboho wa mifupa. Daktari alimuuliza kama aliwahi kuvuta mvuke wa kemikali kwa muda mrefu. Binti yake, aliyejua habari za feni mbovu, aliwaka. "Mama, ni yule mzee. Hata hili ni lake. Tumshtaki."

"Inawezekana," marehemu alijibu. "Lakini haipimiki. Nilichompima nacho kinamtosha."

Alifariki Jumamosi, tarehe 6 Mei 2023, saa nne na robo asubuhi, nyumbani kwake, mumewe akiwa amemshika mkono. Alikuwa na umri wa miaka sabini na minne.

Jana ililetwa barua ya rambirambi kutoka kwa mzee yule, ambaye bado yu hai. Anamwita marehemu mwanafunzi wake mpendwa, na anaomba isomwe mbele yenu. Familia imekaa, imeshauriana, na haitasomwa.

Marehemu ameacha mume, binti ambaye ni mhandisi wa maji, mwana ambaye ni mwalimu, wajukuu watano, kaka mmoja, wadogo wawili, na wanakemia thelathini na wanne aliowafundisha, ambao kila mmoja jina lake limo kwenye kazi aliyoifanya.

Pumzika kwa amani, dada. Umeipata kwa jasho lako, na hakuna wa kuiandika kwa jina lake.