Wingu Aliloliona Papa Evode

Wapendwa mliofika hapa Kingi, familia imemtuma Athanase, mdogo wa marehemu, awasomee maisha ya Papa Evode Bahunga.

Papa Evode alizaliwa hapa Kingi tarehe 12 mwezi wa tatu 1931, mwana wa kwanza wa Papa Raphaël na Mama Verdiane, wakulima wa maharagi, akasoma kwenye misioni ya Masisi kuanzia 1939 mpaka 1945, na mwaka 1952 akapata kazi ya kupima mvua huko Walikale, kazi aliyoifanya miaka kumi na minne bila kuruka asubuhi hata moja. Tarehe 6 mwezi wa nane 1955 alifunga ndoa na Mama Libérata, Mungu akawapa Rosalie, Albert na Mukasine.

Mwaka 1966 alihamishwa mjini, kwenye kituo chenye mashine ya kupokea picha za satelite, nayo satelite ikipita juu yetu, picha ya dunia ilijiandika pale pale kwenye karatasi, mstari kwa mstari, na alipokuja likizo alitusimulia jinsi alivyoitafuta milima ya Masisi katikati ya mawingu.

Alhamisi tarehe 25 mwezi wa nne 1968, saa tatu ya asubuhi, aliona wingu kubwa likikusanyika juu ya Masisi, ambako udongo ulikuwa umeshalowa kwa majuma mawili ya mvua, akaomba ruhusa ya kuita misioni kwa foni, ili watu wa chini ya mlima waondoke, lakini mkubwa wake akamwambia, "Picha tu haitoshe, Evode, ngoja kwanza ripoti ya mvua," naye, kwa kuwa alikuwa mtu wa kutii, akangoja. Saa kumi ya jioni mlima ulibomoka, ukafunika nyumba ya Athanase, na ndani yake mkewe Sidonie na watoto wao wawili.

Mwezi uliofuata Papa Evode aliacha kazi, akarudi kulima hapa, na kila mvua ilipotanda alipita mlango kwa mlango akiwasihi watu wapande juu, ila kwa Athanase alimtuma Mama Libérata, maana Athanase hakuitikia tena salamu yake.

Mwezi wa saba 1969 alishikwa na ugonjwa wa mapafu, akapelekwa hospitali ya Kirotshe, akamwita mdogo wake mara mbili, na Athanase akajibu, "Niko na kazi ku shamba." Alipofika, Jumamosi tarehe 9 mwezi wa nane, Mama Libérata alikuwa amekwisha kumfumba macho.

Tunawashukuru madaktari wa Kirotshe, majirani waliombeba mabegani kwa kipoyi, kile kitanda cha miti, na wenzake wa Walikale waliotembea siku mbili ili wamzike. Na Athanase anaomba kusema, mbele ya Mama Libérata na watoto, neno ambalo hakulipeleka hospitali: kaka, wewe ulingoja kwa sababu uliambiwa ngoja, mimi nilingoja bila kuambiwa na mtu. Pumzika kwa amani.