Faili la Shamba la Mjomba Liko Mji Gani

Asubuhi ile Hemedi alifika na begi kwenye benchi la mtaa wa Rahaleo, hapa ninapouzia kahawa. Ana kesi Jumatatu. Jirani amesogeza mpaka wa shamba la korosho alilorithi kwa mjomba wake huko Mpapura, na baraza linataka aonyeshe nakala ya karatasi za zamani, la sivyo shamba limekwenda. Nauli yake inatosha safari moja tu. Tatizo ni kwamba enzi za mkoloni makao makuu ya Jimbo la Kusini yalikuwa Lindi, baadaye yakahamia hapa Mtwara, na kila mtu benchini anajua mafaili yalibaki wapi.

— Yako Lindi, alisema Fredi, kuli wa bandarini tunayemwita Winchi. — Panda gari, usiulize mtu.

— Makao yalihama, alijibu Gaudensi, karani mstaafu kutoka Bukoba. Yeye tunamwita Bwana Mkuu. — Serikali ikihama inahama na watoto wake. Watoto ni wa baba.

— Huko kwenu. Huku mume ndiye anayehamia kwa mke, na akiachwa anaondoka na shati lake. Watoto wanabaki kwa mama. Mama ni Lindi.

— Kwa hiyo serikali iliachwa?

— Iliachwa. Ikaja Mtwara kuoa tena.

— Na Dodoma?

— Dar mke mkubwa, Dodoma mke mdogo. Hayo tusiyaingilie.

— Jamani, gari linakaribia kuondoka, alisema Hemedi.

— Kunywa kahawa, alisema Bwana Mkuu. — Unajua kwa nini bandari yetu ina kina kirefu? Meli iliyoleta mafaili ilikuwa nzito, ikachimba yenyewe.

— Masanduku yalikuwa matupu, alisema Winchi. — Karatasi zilishikwa na wajomba wa Lindi. Mjomba akishashika watoto, hata gavana hagusi.

Hemedi alikuwa ameshahama upande wa benchi mara kadhaa. Hapo Rebeka, mwalimu mgeni mtaani, aliyekuwa akinisubiri nimfungie kashata, akamgeukia.

— Samahani kaka. Mjomba wako aliliandikisha shamba kwa jina gani?

— Mjomba.

— Jina lake hasa.

Hemedi akatazama kikombe.

— Nyumbani wote tulimwita Mjomba.

— Si alikuwa na jina la jando? aliuliza Winchi, kwa sauti ya chini sasa.

— La jando alikuwa nalo, na la msikitini, na la kulipia kodi. Hata moja silijui. Ningemuulizaje, mjomba wangu yule?

Bwana Mkuu alikohoa. Hemedi akanirudishia kikombe, akabeba begi.

— Lindi? aliuliza Winchi.

— Mpapura, kwa mama.

— Si nilisema? Kila kitu kinabaki kwa mama.

— Na kama naye alimwita Mjomba? aliuliza Bwana Mkuu.

— Yeye ni dada yake mkubwa, alisema Hemedi. — Lazima aliwahi kumgombeza kwa jina.